Sindano katika mchanga wa Sahare: tuendelee kuokota taka au tuache?

BARUA

Mzee wetu mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Sahare hapa Tanga, na ni katibu wa kikundi cha akina mama na vijana ambacho kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo nchi nzima huhimizwa kufanya usafi, hushuka pwani kuokota taka kuanzia yanapoegeshwa madau hadi inapoanza mikoko. Hatulipwi na mtu yeyote. Tulianza kwa sababu masika yakipita mifereji ya mjini humwaga kila kitu baharini, na wavuvi walikuwa wakilalamika kwamba nyavu zao zinapanda na pampasi na chupa kabla ya samaki.

Jumamosi hii iliyopita, binti wa jirani yangu mwenye umri wa miaka 19 alitia mkono ndani ya rundo la mwani ili avute kamba iliyonasa, akachomwa na sindano ya hospitali kwenye kidole gumba. Alikuwa amevaa glovu, lakini ni zile nyembamba za mpira tulizopewa na mfadhili, na sindano ilizipenya bila kizuizi. Mwenzake mmoja alikikamua kidole kwa nguvu, mwingine akamwambia anyonye damu na kuitema, nami nikamwagia maji ya bahari kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Tulimpeleka katika zahanati moja, na mhudumu tuliyemkuta akasema kidonda ni kidogo, apake dawa arudi nyumbani. Leo ni Jumatatu asubuhi na moyo wangu haujatulia.

Siku hiyohiyo kijana mwingine aliokota chupa ya soda iliyokuwa na chembechembe za kijivu ndani na kitu kama utambi uliopita kwenye kizibo. Aliitikisa ili aone ni nini, kisha akaitupa ndani ya salfeti pamoja na taka nyingine. Mvuvi mmoja mtu mzima alipoiona alipiga kelele tuiache na tuondoke. Tuliondoka, lakini hakuna aliyetueleza zaidi, na sijui chupa ile iliishia wapi.

Sasa mama wa yule binti amesema mwanawe hatakanyaga tena pwani na kikundi chetu, na wazazi wengine wanaanza kumfuata. Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, anasema ajali ni ya Mungu, usafi ni katika imani, na kwamba tukianza kuogopa kila kitu mchanga hautasafishika. Vilevile mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ameomba kuleta wanafunzi wa darasa la tano na la sita mwezi ujao, na shemeji amekwisha kumkubalia bila kuniuliza. Jambo la mwisho ni kwamba tumezoea kuzichoma taka palepale ufukweni tukimaliza, na kuna mzee anayesema moshi ule ni sumu.

Naomba unieleze: huyu binti afanyiwe nini? Ni vitu gani tuviokote na vipi tuviache? Na wale watoto, tuwapokee au tukatae?

Katibu mwenye wasiwasi, Sahare, Tanga
(Jina limehifadhiwa)


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Swali lako la kwanza halikuweza kungoja safu hii itoke, na ndiyo maana nilikupigia simu mchana uleule ujumbe wako uliponifikia. Hapa nayaandika yale niliyokueleza ili msomaji mwingine atakayefikwa na jambo hili asipoteze saa hata moja. Mtu aliyechomwa na sindano asiyoijua imetoka kwa nani anapaswa kufika katika kituo cha afya kinachotoa dawa za kinga dhidi ya VVU, zile ambazo wahudumu huziita PEP, mapema kadiri inavyowezekana na kwa vyovyote vile kabla ya saa 72 kupita tangu alipochomwa, kwa sababu zikipita saa hizo dawa haitarajiwi tena kuzuia maambukizi. Binti alichomwa Jumamosi asubuhi, nawe uliandika Jumatatu asubuhi. Mlango ulikuwa bado wazi, ingawa haukuwa wazi sana. Ndiyo sababu nilikuambia msirudi katika ile zahanati bali mwende moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na mkifika msiseme kwamba binti amejikata. Mseme wazi kwamba amechomwa na sindano iliyotumika. Maneno hayo mawili hupokewa kwa namna mbili tofauti kabisa mapokezini.

Atakayeanzishiwa dawa hizo huzimeza kila siku kwa siku 28 bila kukatisha, hata kama zitamletea kichefuchefu. Hupimwa siku anapoanza, kisha hurudi kupimwa kwa ratiba atakayopewa, kwa kawaida baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3. Nakuomba usimtishe wala usiruhusu mtaa umtishe. Hata kwa mhudumu wa afya aliyechomwa na sindano iliyotoka moja kwa moja kwa mtu mwenye VVU, wastani wa maambukizi bila dawa ni takriban 3 katika kila matukio 1,000, na sindano iliyolala mchangani ikapigwa na jua na chumvi ina hatari ndogo zaidi ya hiyo, kwa kuwa kirusi hicho hakistahimili kukauka. Dawa hutolewa kwa sababu hakuna anayeweza kujua sindano ile ilitupwa lini, na si kwa sababu binti amekwisha kuambukizwa.

Ninachokiogopa zaidi, na ambacho watu hawakitaji kwa kuwa masikio yao yameelekea upande wa VVU peke yake, ni homa ya ini aina ya B. Kirusi chake ni kigumu: kinaweza kukaa nje ya mwili wa binadamu kwa siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza. Chanjo yake imo katika chanjo za watoto wachanga, kwa hiyo binti wa miaka 19 huenda aliipata, lakini ninyi watu wazima mliozaliwa kabla haijaingia katika ratiba hiyo, wengi wenu hamna kinga. Aende na kadi yake ya kliniki kama ipo. Kama hakuchanjwa, chanjo hiyo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24, na bado ina faida ikitolewa ndani ya siku 7. Hapohapo aulizwe kuhusu pepopunda, kwa maana vijidudu vyake hukaa udongoni na katika uchafu, na kidonda kichafu huhitaji chanjo ya kuongezea ikiwa ya mwisho ilikuwa zaidi ya miaka 5 iliyopita. Hili la pepopunda linamhusu kila anayekanyaga msumari au kukatwa na kopo, hata pasipokuwa na sindano.

Kuhusu mlichokifanya palepale: kidonda cha sindano huachwa kitoke damu chenyewe, huoshwa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha hufunikwa. Hakikamuliwi, kwa sababu kukamua kunaziumiza nyama na hakutoi kilichoingia. Na hakinyonywi kabisa, kwa kuwa huko ni kuuhamishia uchafu mdomoni, ambako mara nyingi kuna vidonda vidogo visivyoonekana. Kwa hiyo kila mnaposhuka pwani liwepo dumu la maji ya bomba la lita 20 na kipande cha sabuni, vyote vikiwa chini ya mtu mmoja anayejulikana. Maji ya kunywa yawe katika chombo kingine, maana jua likipanda watu wataanza kulikinga dumu hilo midomo yao.

Sasa niingie katika swali la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Nimefanya kazi ya ubwana afya hadi kustaafu, na nimeona kwamba wanaoumia katika siku za usafi si wavivu wala wazembe, bali ni wale wenye bidii waliopewa salfeti na kuambiwa waijaze. Mtu aliyepewa salfeti ajaze huona kila kitu kilicho mbele yake kuwa ni taka, na mkono wake hutangulia macho. Kikundi chenu kinahitaji mtu ambaye siku hiyo hataokota chochote. Kazi yake itakuwa kutangulia, alfajiri kukishapambazuka, akiwa na fimbo ndefu, apite eneo lote kabla ya wenzake, aangalie, na achomeke kijiti chenye kitambaa chekundu mahali penye kitu ambacho hakitaguswa. Ningependa awe wewe katibu, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi huona mengi. Neno lake likisema hapa hatuokoti, basi liwe ni neno la mwisho, hata mwenyekiti asilipinge hadi watu warudi nyumbani.

Kitu cha kwanza cha kuwekewa kitambaa chekundu ni chupa kama ile iliyookotwa na kijana wenu. Kwa maelezo yako sina shaka kubwa kwamba ilikuwa bomu la kuvulia samaki. Pwani ya Tanga imeteseka kwa uvuvi wa baruti kwa miongo mingi, ingawa ni kosa la jinai na umeharibu matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya samaki. Mabomu hayo hutengenezwa kienyeji ndani ya chupa au makopo ya kawaida, na yale yasiyolipuka, au yanayotupwa na wahalifu wanapoona doria inakuja, hubebwa na maji hadi ufukweni. Kulowa maji si uhakika kwamba limekufa. Chupa, kopo au kifurushi chochote chenye utambi, waya, au unga na chembechembe zilizoshindiliwa ndani hakitikiswi, hakifunguliwi, hakisogezwi kwa mguu wala kwa fimbo, na hakipigwi picha kwa karibu. Mnarudi kwa njia mliyojia hadi mbali kabisa, mnawazuia wengine wasisogee, na mnapiga simu polisi kwa namba 112, kisha mnamwarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa pamoja na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, cha eneo lenu. Yule mvuvi aliyewapigia kelele aliwaokoa, na mngefanya vema kumwendea kumshukuru na kumwomba awe mmoja wa wanaotangulia, kwa kuwa jicho lake linajua asichokijua kijana wa mjini. Kuhusu chupa ile iliyokwisha kutiwa katika salfeti, niliposikia hamjui iliko nilikuambia utoe taarifa polisi siku ileile, na nalirudia hapa kwa yeyote atakayekuta salfeti iliyoachwa peke yake katika fukwe hizo: asiitikise wala kuimwaga.

Vingine vya kuachwa havina kishindo kama hicho, lakini vina madhara. Galoni au kopo lililokuwa na kiuatilifu au dawa ya kuua wadudu, hata likionekana tupu, halinuswi kujua lilikuwa na nini. Betri ya gari iliyopasuka huvuja tindikali. Waya wa umeme uliolala chini huhesabiwa kuwa una umeme hadi mafundi wa TANESCO waseme hauna. Mzoga wa mnyama au ndege hauguswi kwa mkono. Hivi vyote viandikwe mahali vilipo, na afisa afya wa kata apewe orodha, kwa maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka, na taka hatarishi hazikuwa kamwe kazi ya watu wa kujitolea.

Na sindano je? Nayo imo katika kundi la kuachwa, isipokuwa na mtu mmoja aliyeteuliwa. Huyo awe mtu mzima mtulivu, awe na koleo refu, na awe na chombo cha plastiki ngumu chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, kwa mfano dumu dogo la mafuta ya kula. Sindano ikionekana, aliyeiona husimama na kuita jina la huyo aliyeteuliwa. Yeye huliweka dumu chini, mchangani, asilishike mkononi, kwa sababu wengi hujichoma mkono unaoshika chombo. Huishika sindano kwa koleo katikati ya bomba lake na kuitumbukiza ikitanguliza ncha. Haifunikwi kofia, haikunjwi, haivunjwi. Nyembe na vigae vya chupa vyenye ncha humo humo. Dumu lisijazwe kupita robo tatu. Kabla hata ya Jumamosi yenyewe, nendeni mkakubaliane na kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea taka hatarishi kwamba kitalipokea dumu hilo, kwa maana dumu lenye sindano likikosa pa kwenda litaishia nyuma ya nyumba ya mtu, na watoto watalifungua.

Zile glovu za mfadhili zirudisheni katika zahanati, huko zitafaa. Kujikinga nazo na sindano au kigae ni sawa na kujitanda kanga ukitarajia isipite mvua ya masika. Tafuteni glovu nzito za ngozi au za turubai wanazotumia mafundi ujenzi na watu wa mkonge. Haziwezi kuzuia kila sindano, lakini zitazuia chuma, kigae na mwiba. Viatu viwe vya soli ngumu vinavyofunika kidole, na gambuti kwa watakaoingia kwenye matope ya mikoko. Kandambili zisiruhusiwe, na anayekuja nazo apewe kazi ya kuhesabu na kuandika chini ya kivuli. Rundo la mwani, nyavu kuukuu, na mifuko ile ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 lakini ambayo ingali ikifukuka mchangani kila maji yakipiga, havivutwi kwa mkono hata kama una glovu nzuri. Hufunuliwa kwanza kwa reki, kitu kilichofichika kikaonekana, ndipo kikaokotwa. Lau binti yule angetanguliza reki, tusingekuwa na mazungumzo haya. Na salfeti isijazwe zaidi ya nusu, isishindiliwe kwa mguu, wala isibebwe begani au kugusishwa na paja. Wawili waishike pembe kwa pembe, au ipakiwe kwenye toroli.

Nyoka nitamtaja kwa kifupi. Hukaa chini ya mabati, magogo na marundo yaliyolala muda mrefu, hasa juu kidogo ya ufukwe penye majani. Mabati hugeuzwa kwa fimbo ndefu, ukiyavuta upande wako ili upande ulio wazi uwe mbali nawe. Aliyeumwa hulazwa, hutulizwa, kiungo huwekwa bila kutikiswa, pete na bangili huvuliwa, na hupelekwa hospitali. Hachanjwi kwa wembe, hafungwi kamba ya kukaza, wala msipoteze muda na jiwe la nyoka. Aliyetemewa na swila machoni huoshwa kwa maji mengi. Aliyeumwa au kuparuzwa na mbwa wa jalalani huoshwa kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha huenda kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, maana ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba.

Bahari yenyewe pia inadhuru, na hapa nashangaa kwamba barua yako haikuitaja. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji katika pwani yetu hukupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Ufuo huwa mpana mno, na watu hutamani kuzifuata chupa hadi mbali. Kisha maji hurudi, na mahali palipo tambarare kama penu hayarudi kwa mstari mmoja, bali hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yenu karibu na mikoko, mkajikuta mmesimama juu ya kisiwa cha mchanga. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa hiyohiyo huenda maji yamejaa na pa kukanyaga ni pembamba. Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi isiwe amri kuliko mwezi wenyewe. Muulizeni nahodha yeyote wa dau majira ya maji, anzeni maji yakiwa yanatoka, na walio mbali waitwe warudi kwa filimbi kabla maji hayajageuka. Hakuna anayeingia peke yake ndani ya mikoko. Waende wawili wawili, na majina yao yawe kwenye karatasi ya katibu.

Kuanza mapema kutawasaidia pia na jua. Kati ya Januari na Machi, msimu wa kaskazi, saa 4 asubuhi ni muda wa kuwa mmekwisha kunawa na kukaa kivulini. Anayeacha kutoka jasho, anayechanganya maneno au kutapika hakai tu kivulini. Anamwagiwa maji, anapepewa na anapelekwa hospitali.

Kwa wale wa kikundi chenu wanaookota kando ya barabara na mifereji ya kuja pwani, nina mambo matatu tu. Watembee upande wa kulia wakiyatazama magari yanayowajia, wavae reflekta kama za bodaboda, na asiwepo wa kurukia katikati ya lami kwa ajili ya chupa. Na asiingie mtu ndani ya mfereji wa maji machafu akiwa na kidonda kisichofunikwa, kwa sababu mkojo wa panya hubeba homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, nayo huingilia kwenye michubuko. Makopo na matairi yenye maji yamwagwe papo hapo kabla ya kuokotwa, kwa kuwa humo ndimo wanamozaliana mbu wa dengi. Tanga tuliionja homa hiyo mwaka 2019.

Mzee anayesema moshi ni sumu asikilizwe. Plastiki inayochomwa wazi, hasa mabomba na nyaya, hutoa gesi zinazodhuru mapafu na sumu zinazodumu muda mrefu mwilini na udongoni. Zaidi ya hayo, kopo la dawa ya mbu au la rangi ya kupulizia hulipuka motoni, na kwa pwani ambayo salfeti yake imewahi kubeba chupa yenye utambi, sioni namna ya kumruhusu mtu awashe kiberiti. Andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa wiki moja kabla, gari la taka lije siku hiyo. Likishindikana, kusanyeni kidogo zaidi mwezi huo.

Shemeji yako ana haki anaposema usafi ni katika imani. Lakini mkumbushe, kwa heshima na si mbele ya vijana, kwamba yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Hakuna anayesema msiokote. Tunasema glovu, reki, koleo na mtu wa kutangulia ndiyo kamba ya ngamia huyo.

Nije kwa watoto. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita wana miaka kumi na moja, kumi na mbili; ni umri wa kukimbilia kinachong'aa, na glovu za watu wazima huwavuka vidole. Sikubaliani na mtu anayewapanga watoto hao ufukweni ili mgeni rasmi apigwe nao picha. Mwezi ujao usiwapokee pwani kabisa, kwa sababu mmetoka kupata bomu na sindano ndani ya asubuhi moja, na mpango mpya haujajaribiwa hata na wakubwa. Mwambie mwalimu mkuu wewe mwenyewe, kwa maandishi, na umpe kazi mbadala: wasafishe uwanja wa shule baada ya walimu kuupitia, wapange chupa zilizokwisha kuoshwa kwa ajili ya wanunuzi wa plastiki, na wafundishwe kwamba wakiona sindano au chupa yenye utambi wanasimama, hawagusi, wanamwita mtu mzima. Somo hilo litawafaa hata siku wanazoenda kuogelea wenyewe, na huwa wanaenda. Baadaye, mkishazoea, waje walio wakubwa, kwa ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, mtu mzima mmoja kwa watoto watano, na eneo lao liwe lile tu lililokwisha kupitiwa kwa reki.

Amebaki mama wa binti. Usimwendee kumshawishi amrudishe mwanawe. Nenda ukamjulie hali, ujue kama dawa zinamezwa na kama kuna nauli ya kurudi kliniki, na kikundi kiilipe nauli hiyo kutoka katika mfuko wake pamoja na gharama nyingine zitakazojitokeza, kwa kuwa aliumia katika kazi yenu. Kisha kabla ya mwezi kwisha waiteni wazazi wote, muwaonyeshe dumu, koleo, glovu mpya na karatasi ya majina yenye namba za simu za jamaa, na mwacheni kila mmoja aamue mwenyewe kama mwanawe atakuja. Kama fedha za vifaa hazijatimia hadi Ijumaa ya mwisho, ahirisheni.